Kuchagua Kontrola ya Kupigia Muziki: Nyanyua Mzigo Kabla ya Kuulipia

MASOMO YA REDIO KWA WATU WAZIMA. Somo hili lasomwa katika vikundi vya kusikiliza, Tabora na wilaya zake.

Natumaini nyote mmekwisha kaa, daftari zi mbele yenu na kalamu zi mikononi. Aliye mbali na asogee karibu na redio. Mwenyekiti wa kundi, tafadhali hakikisha kila mtu anasikia.

Juma lililopita tulijifunza kusoma risiti. Leo tutakwenda dukani tena, lakini tutanunua kitu kigumu kidogo. Tutajifunza jinsi ya kuchagua kontrola, yaani mashine anayoitumia DJ kupiga muziki uliomo katika laptopu.

Najua wengine mnanong'ona: "Sisi wazee, yanatuhusu nini mambo ya DJ?" Yanawahusu sana. Kijana wa Urambo au Sikonge akitaka kuanza kazi hii, fedha hazitoki angani. Zatoka katika tumbaku iliyouzwa mara moja tu kwa mwaka, au asali, au mbuzi, au akiba ya mama katika kikundi chake. Siku moja mwanao atakuja akwambie, "Mama, naomba unisaidie ninunue kontrola." Utamjibu nini? Ukikataa bila kujua, labda umemnyima kazi. Ukikubali bila kujua, labda fedha ya mwaka mzima imekwenda kwa mashine ya taa nzuri isiyofaa kitu. Kwa hiyo na tujifunze.

SEHEMU YA KWANZA: KONTROLA NI NINI?

Mji wetu wa Tabora umependa muziki tangu zamani. Wazee wanaikumbuka Kiko Kids na Tabora Jazz, bendi zilizopigwa kwa magitaa, ngoma na saksafoni. Pasipokuwa na bendi, watu walicheza kwa santuri. Baadaye zikaja kaseti, kisha sahani za CD. Siku hizi nyimbo elfu nyingi hukaa ndani ya laptopu moja.

Lakini laptopu ilitengenezwa kwa kuandikia barua na hesabu. Vitufe vyake ni vya herufi. Mtu anayetaka kupunguza sauti ya wimbo huu huku akiingiza wimbo ule, apate wapi mikono? Hapo ndipo kontrola inapohitajika.

Tazameni picha ya kontrola katika ukurasa wa kwanza wa vikaratasi mlivyopewa. Mtaona sahani mbili za mviringo, moja kushoto na moja kulia. Kila sahani inashika wimbo mmoja. Katikati yapo mambo ya kupimia sauti: vitu vya kuzungusha, kama kile cha kuongezea sauti ya redio, na vitu vya kusukuma juu na chini. Hivi vya kusukuma tutaviita vitelezi.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Kontrola haina nyimbo ndani yake. Kontrola ni kama usukani, na laptopu ni kama injini. Ukigusa kitufe, kontrola hupeleka amri kwa waya: "Anza," "Simama," "Punguza." Lugha ya amri hizo, iliyoanza kutumika mwaka 1983 katika vinanda vya umeme, inaitwa MIDI. Programu iliyomo ndani ya laptopu huipokea amri na kuitimiza. Basi, usukani mzuri hauwezi kuponya injini mbovu. Na injini nzuri yenye usukani uliolegea itakuangusha shimoni.

Ziko pia mashine zinazopiga muziki zenyewe bila laptopu. Hizo bei yake ni kubwa zaidi, nazo si za somo la leo.

SEHEMU YA PILI: MPAGAZI NA MZIGO WAKE

Kabla ya kwenda dukani, tujikumbushe jambo moja la historia yetu.

Katika karne ya 19, njia kubwa ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, kisha ikaendelea mpaka Ujiji penye ziwa Tanganyika. Toka pwani mpaka Tabora msafara ulichukua miezi mitatu hivi. Mbele alikwenda kirangozi, na ngoma ikawapa watu mwendo. Nyuma yake walikuja wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi.

Mpagazi aliyeijua kazi yake hakuchagua mzigo kwa macho. Aliunyanyua. Aliutia begani, akausikia kama umelalia upande mmoja, akaikagua kamba. Mzigo uliofungwa vibaya ungemchubua bega siku ya kwanza, na safari ilikuwa ya siku tisini.

Nasi tufanye hivyo hivyo. Kontrola ni mzigo utakaoubeba miaka mingi. Usiinunue kwa rangi yake, wala kwa wingi wa taa zake. Inyanyue, iguse, isikilize, ndipo utoe fedha.

(Muziki mfupi. Mwenyekiti na asome tena aya ya mwisho kwa sauti.)

SEHEMU YA TATU: MAMBO SABA YA KUKAGUA

Andikeni katika daftari namba 1 mpaka 7. Tutayapitia mambo haya moja moja.

1. Programu

Anza na programu, usianze na mashine. Kila kontrola huelewana na programu fulani. Programu zinazojulikana sana ni VirtualDJ, Serato, rekordbox na Traktor. Uliza: "Kontrola hii yatumika na programu gani? Je, laptopu yangu inaikubali?" Laptopu ya zamani huenda ikashindwa na programu mpya, na kontrola ya zamani huenda ikakataliwa na laptopu mpya, kwa kuwa mwenye kiwanda ameacha kuitengenezea maelekezo.

Tuchukue mfano. Pioneer DJ ilitoa kontrola ya DDJ-400 mwaka 2018, nayo ilipendwa sana na wanaoanza. Mwaka 2022 ikafuatwa na DDJ-FLX4. Hiyo ya kwanza ilitengenezewa rekordbox. Hii ya pili hukubali rekordbox na Serato pia. Kwa macho zinafanana kama ndugu, lakini programu zake si zile zile.

Uliza tena kuhusu leseni. Programu nyingine ni ya bure nyumbani, lakini ukipiga kwa malipo hutaka leseni. Nyingine hufunguka bure ukichomeka kontrola yake. Bei ya leseni ni sehemu ya bei ya mashine. Programu za wizi zinazouzwa kwenye flashi huja mara nyingi na virusi, nazo hupenda kufa siku ya harusi.

2. Sauti mbili kwa wakati mmoja

DJ husikiliza nyimbo mbili. Wimbo mmoja watu wanaucheza. Wimbo wa pili yeye peke yake anausikia katika hedifoni, akiutayarisha. Kwa ajili hiyo kontrola njema ina kadi ya sauti ndani yake, yenye njia mbili: njia moja kwenda kwa spika, njia nyingine kwenda masikioni.

Kontrola ndogo sana huweza kukosa kadi hii. DDJ-200 ya mwaka 2019, kwa mfano, haina; DJ hana budi kutumia waya wa kugawanya sauti. Kwa kujifunzia chumbani yafaa. Kwa kazi ya malipo, tafuta yenye kadi ndani. Dalili yake ni rahisi: tazama mgongoni na mbele. Ikiwa hakuna tundu la hedifoni wala matundu ya kutolea sauti, jua hakuna kadi.

3. Kitelezi cha kasi

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo ubora unapojificha.

Kando ya kila sahani kuna kitelezi kirefu. Kazi yake ni kuongeza au kupunguza kasi ya wimbo, ili nyimbo mbili ziende mwendo mmoja. Kasi ya wimbo huhesabiwa kwa mapigo katika dakika moja. Singeli, muziki uliozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam, hukimbia mapigo 200 kwa dakika na zaidi. Muziki wa dansi wa zamani hwenda taratibu zaidi.

Kitelezi kwa macho kinateleza laini, lakini kwa kweli kinapanda ngazi. Kontrola dhaifu ina ngazi 128 tu tangu chini hata juu. Kontrola njema ina ngazi 16,384. Je, tofauti hii ina maana gani? Tupige hesabu.

Wimbo una mapigo 200. Kitelezi kimewekwa kiongeze au kipunguze asilimia 8. Asilimia 8 ya 200 ni 16. Kwa hiyo wimbo waweza kushuka hadi 184 au kupanda hadi 216. Toka 184 mpaka 216 ni mapigo 32. Gawanya 32 kwa ngazi 128. Jibu ni robo ya pigo. Maana yake, kila ukisogeza ngazi moja, wimbo unaruka robo ya pigo kwa dakika. Ukiwa unatafuta mahali palipo katikati ya ngazi mbili, hupapati. Utakosa kwa sehemu moja ya nane ya pigo kila dakika. Baada ya dakika 4 umekosa nusu ya pigo. Nusu ya pigo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu ngoma ya wimbo mmoja inaanguka katikati kabisa ya ngoma ya wimbo wa pili. Wachezaji hawajui waweke mguu wapi.

Sasa gawanya 32 kwa 16,384. Jibu ni kama sehemu mbili za elfu moja za pigo. Hilo sikio halilisikii.

Vijana watakwambia, "Kipo kitufe cha SYNC, kinalinganisha chenyewe." Ni kweli, nacho chasaidia. Lakini SYNC hutegemea programu iyasome mapigo sawasawa. Katika nyimbo za bendi za zamani mpiga ngoma alikuwa binadamu. Akifurahi aliongeza mwendo, akichoka alipunguza. Programu hukosea hapo. Harusi ya Tabora bila nyimbo za wazee si harusi, na katika nyimbo hizo mkono na kitelezi chema vinahitajika.

Namba ya ngazi mara nyingi haiandikwi kwenye boksi. Basi jaribu hivi: sogeza kitelezi polepole sana, ukitazama namba ya kasi kwenye laptopu. Ikienda kidogo kidogo, ni vizuri. Ikiruka kama chura, iache.

4. Sahani, vitelezi na vitufe

Zungusha sahani kwa kidole kimoja. Isikwaruze, isitikisike kama meno ya mtoto. Sukuma vitelezi vyote. Vishike kidogo, visiwe vimelegea. Kitelezi cha katikati, kinachopeleka sauti kutoka wimbo wa kushoto kwenda wa kulia, ndicho kinachochakaa kwanza. Uliza kama kinaweza kubadilishwa peke yake.

Bonyeza kila kitufe, kila kimoja. Soma herufi zake. PLAY ni kuanza na kusimama. CUE ni kurudi mahali ulipoweka alama. Mtu asiyeweza kusoma herufi hizi atabonyeza kwa kubahatisha. Wewe sasa waweza kusoma, basi soma.

Kisha nyanyua mashine yote. Ikiwa nyepesi kama boksi tupu, itasogea mezani kila DJ akiigusa.

5. Kuchelewa

Ukipiga ngoma kwa kiganja, sauti inatoka papo hapo. Kontrola haiwezi kufanya hivyo kabisa, kwa sababu laptopu hukusanya sauti katika mafungu kabla ya kuitoa. Kwa kawaida kila sekunde ya sauti hukatwa vipande 44,100. Fungu la vipande 512 huchelewesha sauti kwa kadiri ya sehemu 12 za elfu moja za sekunde. Ni kama kusimama mita 4 mbali na ngoma. Hakuna atakayelalamika. Lakini fungu la vipande 2,048 ni kama kusimama mita 16 mbali. Hapo mkono na sikio vinagombana.

Kadi njema ya sauti hufanya kazi na mafungu madogo bila kukatakata sauti. Jaribio lake: piga kitufe cha sauti ya ngoma kwa kidole, huku ukipiga mguu chini pamoja nacho. Ukisikia sauti inafuata nyuma ya mguu, uliza kwa nini.

6. Matundu ya kutolea sauti na maiki

Tazama mgongoni mwa mashine. Matundu mawili, jekundu na jeupe, ni ya nyaya za RCA. Yanafaa kama spika au miksa ipo karibu, mita chache tu. Waya huo ukiwa mrefu unaokota mngurumo njiani. Matundu makubwa ya pini tatu, kama ya maiki, yanaitwa XLR. Hayo huvumilia waya mrefu. Kwa ukumbi wenye jukwaa mbali na spika, XLR ni bora. Kontrola yenye RCA tu si mbaya. Chomeka kwanza katika miksa iliyo karibu, kisha miksa ipeleke mbali.

Usisahau maiki. Katika shughuli zetu MC ndiye mwenye shughuli. Maiki iwe na kitu chake cha kuongezea sauti. Tena jaribu kuifunga programu huku mtu akisema katika maiki. Ikiwa sauti ya msemaji inaendelea, ni heri, kwa kuwa laptopu ikikwama, MC anaweza kuwatuliza watu.

7. Umeme, vumbi na fundi

Kontrola nyingi za kiasi hulishwa na waya wa USB kutoka laptopu. USB ya kawaida ya namba 2 hutoa volti 5 na miliampia 500, yaani wati 2.5 tu. Ni chakula kidogo, lakini kina faida kubwa kwetu. Umeme ukikatika Nzega au Kaliua katikati ya sherehe, spika zitanyamaza, lakini laptopu yenye betri nzima itaendelea, na kontrola itaendelea nayo. Jenereta ikiwashwa, muziki unarudi palepale ulipokuwa. Kontrola inayotaka umeme wa ukutani itazimika pamoja na spika, na programu huenda ikakwama. Fikirini bibi harusi yuko mlangoni, watu wote wamesimama, na DJ anasubiri mashine iwake upya.

Kutoka Mei mpaka Oktoba vumbi letu ni jingi. Vumbi huingia katika vitelezi na kuvikwaruza. Nunua mfuniko pamoja na mashine, au shona wa kitambaa kizito. Wala usisafirishe kontrola juu ya basi bila mfuko wenye godoro.

Mwisho, uliza habari za fundi na vipuri. Kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Mashine ambayo vipuri vyake havipatikani hata Kariakoo itakuwa pambo la kabati.

SEHEMU YA NNE: MAZUNGUMZO DUKANI

Sasa wasomaji wawili watasoma mazungumzo haya. Mama mmoja, mwanafunzi wa kisomo, amekwenda dukani na mwanawe.

MUUZAJI: Shikamoo, mama. Karibuni.

MAMA: Marahaba, mwanangu. Tumekuja kutazama kontrola.

MUUZAJI: Mmefika penyewe. Chukueni hii, mama. Taa zake usiku zinawaka rangi saba. Vijana wote wanaipenda.

MAMA: Taa nimeziona. Yatumika na programu gani?

MUUZAJI: Zote, mama.

KIJANA: Kaka, boksi limeandikwa programu moja tu. Hapa, soma.

MUUZAJI: Aa, ndiyo. Hiyo moja. Lakini nyingine unaweza kuzilazimisha.

MAMA: Hatutaki kulazimisha. Ile nyingine pale, isiyo na taa nyingi?

MUUZAJI: Ile imetumika kidogo, mama. Bei yake imepungua.

MAMA: Iliyotumika si ubaya. Tuiwashe. Tumekuja na laptopu yetu, na hedifoni, na nyimbo zetu.

(Wanaiwasha. Kijana anasukuma vitelezi, anabonyeza vitufe vyote.)

KIJANA: Mama, kitelezi cha katikati kikifika upande wa kulia kinakwaruza.

MAMA: Sasa chomeka chaji ya laptopu. Mwalimu alisema tusikilize mngurumo.

KIJANA: Kimya. Hakuna mngurumo.

MAMA: Vizuri. Mwanangu, kitelezi hiki kinabadilishwa?

MUUZAJI: Kinabadilishwa, mama. Fundi yupo.

MAMA: Basi kibadilishwe kwanza. Sisi tutarudi Jumamosi, tuijaribu tena mbele yako. Na risiti yake uandike namba ya mashine iliyo chini pale, na muda wa dhamana.

MUUZAJI: Mama, wewe umewahi kuuza mashine hizi?

MAMA: Sijauza. Nimejifunza kusoma.

Ahsanteni wasomaji. Angalieni alivyofanya mama huyu. Hakugombana na muuzaji, wala hakuona haya kuuliza. Alikuja na laptopu ile ile itakayotumika. Alichomeka chaji, kwa sababu mngurumo hutokea mara nyingi chaji na spika zikiwa katika umeme mmoja. Aliona kasoro moja, akaitafutia dawa kabla ya kulipa. Na alidai namba ya mashine iandikwe kwenye risiti, ili siku ya kurudisha muuzaji asiseme, "Hii siyo yangu."

SEHEMU YA TANO: HESABU YA FEDHA

Sitawatajia bei za maduka, kwa sababu hupanda na kushuka. Nitawafundisha njia ya kuhesabu. Namba hizi ni za mfano tu.

Tuseme kontrola ni shilingi 900,000. Leseni, waya wa akiba na mfuko ni shilingi 150,000. Jumla ni shilingi 1,050,000. Tuseme katika kila shughuli, baada ya kulipa nauli, msaidizi na kukodi spika, kijana anabakiwa na shilingi 70,000. Gawanya 1,050,000 kwa 70,000. Jibu ni shughuli 15.

Sasa mwulize kijana: "Shughuli 15 utazipata kwa muda gani? Msimu wa harusi baada ya mavuno una majuma mangapi?" Akikujibu kwa hesabu, mpe moyo. Akikujibu, "Mama, watu watakuja tu," mwambie arudi na daftari.

Tazameni tena. Mashine ya shilingi 400,000 ikiharibika baada ya shughuli 5, imekula fedha na jina la kijana pia. Mtu ambaye harusi yake ilinyamaza hatamwita tena, na atawasimulia jirani zake. Lakini mashine ya shilingi milioni tatu kwa kijana anayeanza ni kosa vilevile, maana shughuli 15 zitageuka kuwa 40 na zaidi. Nunua inayotosha kazi uliyo nayo, na yenye sifa zile saba. Njia mbili za nyimbo zinatosha kwa harusi. Njia nne ni za mtu aliyekwisha jua kuzitumia mbili.

MANENO MAPYA

Kontrola: mashine ya kuiamuru programu ya muziki iliyomo katika laptopu.
Kitelezi: kitu cha kusukuma cha kuongezea au kupunguzia sauti au kasi.
Kadi ya sauti: chombo cha ndani kinachogeuza namba za laptopu kuwa sauti.
Mapigo kwa dakika: hesabu ya kasi ya wimbo.
Leseni: ruhusa ya kutumia programu.
Dhamana: ahadi ya muuzaji kutengeneza au kubadilisha kitu kikiharibika kabla ya muda uliotajwa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini twaanza na programu kabla ya mashine?
2. Wimbo una mapigo 100. Ukiongeza asilimia 8, utakuwa na mapigo mangapi?
3. Kontrola inayolishwa na laptopu ina faida gani umeme ukikatika?
4. Waya wa RCA unafaa wapi, na wa XLR unafaa wapi?
5. Kontrola na vifaa vyake ni shilingi 1,200,000. Kila shughuli inabakiza shilingi 60,000. Zitahitajika shughuli ngapi?

KAZI YA NYUMBANI

Kila mtu amtafute DJ mmoja wa mtaani kwake, aombe kuiona mashine yake mchana, wakati hana kazi. Andika katika daftari majina matano ya herufi zilizoandikwa juu ya vitufe, na kazi ya kila kimoja. Muulize DJ huyo sehemu gani ilimharibikia kwanza, na aliitengenezea wapi. Juma lijalo tutayasoma majibu yenu. Kutoka katika majibu hayo kundi litaandika orodha moja ya mafundi na vipuri, itakayomfaa kila mzazi mwenye kijana wa kazi hii.

Majibu ya hesabu ni haya: swali la 2, mapigo 108, swali la 5, shughuli 20. Aliyekosa asifute, apige mstari, afanye tena chini yake.

Somo letu limekwisha. Mwenyekiti, funga redio, fungua majadiliano. Kwaherini, mpaka juma lijalo saa kama hii.